Jino Lililokataa

Koplo Tumainieli alikosea jambo moja tu siku ile: alisoma majibu mbele za watu. Angemwita Veneranda nyuma ya zizi, akamwambia kwa sauti ya chini, pengine mengi yasingetokea. Lakini alikuwa amepanda mlima kwa miguu kutoka Same, jua limemchoma kisogo, na Melkizedeki alikuwa amekwisha kumpa kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi. Mtu akishakunywa chai ya wenyeji anaona aibu kuwaficha neno.

Uani walikuwapo Melkizedeki, mkewe, na Bi Ernesta, mama yake Melkizedeki na marehemu Erasmo. Veneranda, mjane wa Erasmo, alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la mumewe chini ya migomba, anang'oa magugu. Mtoto wao mmoja tu, Leticia, alikuwa shuleni. Bahati yake.

"Majibu ya Dar yamekuja," alisema Koplo.

Wote walijua majibu ya nini. Erasmo alipunguzwa kazi shamba la mkonge lilipouzwa kwa mtu binafsi, akawa anateremsha tangawizi tambarare na kurudi na samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Safari moja hakurudi. Mvua za masika zilipokwisha, wachunga mbuzi wakakuta mifupa ya mtu kwenye korongo, chini kule Lembeni, na sweta ya kijani imeshikana nayo. Fuvu lilikuwa na ufa, pengine wa kuanguka korongoni, lakini polisi wakataka uhakika: wakatoa gego moja, wakachukua na damu kidogo ya Veneranda na ya Leticia, wakapeleka maabara. Mifupa yenyewe waliruhusu ikazikwe, kwa sababu Veneranda alikuwa amekwisha kuitambua sweta ya mumewe.

"Kipimo hiki wanaita cha DNA, vinasaba," Koplo aliendelea. Alikuwa amehudhuria semina Moshi na alipenda ijulikane. "Mwilini mwa mtu kuna maandishi madogo mno, hata kwenye jino yamo. Kuna mahali maneno yanajirudia, yanajirudia, kama pambio la kanisani. Mmoja pambio lake linarudiwa mara saba, mwenzake mara kumi na moja. Na kila mahali mtu anayo mawili, moja kapewa na mama, moja na baba. Wataalamu wanahesabu. Wanahesabu mahali pengi, isije ikawa imetokea tu."

"Tumekuelewa, afande," alisema Melkizedeki. "Jino limesemaje?"

Koplo akatazama ndani ya kikombe. "Leticia hesabu yake moja inalingana na ya mama yake, kila mahali. Ile ya pili ilitakiwa ionekane kwenye jino. Haimo. Na si mahali pamoja tu, ni pengi."

"Yesu wangu!" mke wa Melkizedeki alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilingoja neno hilo tangu harusini.

Veneranda akasimama, udongo mikononi. "Basi jino si la Erasmo," alisema. Alilisema bila kufikiri, jinsi mtu anavyosema mvua inanyesha.

"Shemeji," alisema Melkizedeki taratibu, "nani alituambia mifupa ni ya Erasmo?"

Koplo akaweka kikombe chini.

"Nauliza tu. Nani alisimama pale kaunta ya polisi, akageuza mkono wa sweta, akaona kiraka cha uzi mwekundu kwenye kiwiko, akasema 'huu ni mshono wangu, huyu ni mume wangu'? Mimi? Mama?"

"Ni mshono wangu kweli," alisema Veneranda.

"Mshono wako. Basi aliye kaburini ni Erasmo. Na kama ni Erasmo, na jino limemkataa mtoto..." Hakumalizia. Hakuwa na haja.

Veneranda akamgeukia Bi Ernesta. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na aliendelea kuchambua, ila sasa alikuwa anatupa mabovu na mazima pamoja.

*

Wiki ile ile Veneranda alirukwa zamu ya maji.

Huku kwetu mlimani Upareni tuna ndiva, lile bwawa la udongo na mawe walilojenga mababu. Linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi, na maji yanateremka mferejini kwenda shamba moja baada ya jingine kwa zamu. Msimamizi anasimama ukingoni anaita kwa majina ya nyumba. Ukiitwa, unashuka na jembe kufungulia maji. Usipoitwa, tangawizi yako inakauka, na kila mtu amejua kwamba wewe si mtu tena mahali hapo. Msimamizi wa ndiva yetu alikuwa Melkizedeki.

Aliita nyumba ya jirani wa juu. Zamu iliyofuata ilikuwa ya nyumba ya Erasmo. Akakohoa, akaita ya jirani wa chini.

"Umeniruka, shemeji," alisema Veneranda.

"Nimeruka nini?"

"Nyumba ya Erasmo."

"Nyumba ya Erasmo ina nani?" Melkizedeki aliuliza, na wala hakupaza sauti. "Mwenyewe amelala. Mtoto wake hayupo. Shamba ni la ukoo, mama Leticia. Tutakaa kikao."

Wenye majembe wakaanza kukagua mipini ya majembe yao. Sisi watu wa mlimani hatutukanani hadharani, hapana, tuna adabu. Tunanyamaza tu mpaka mwenzetu apate homa. Jirani wa chini, mama mmoja mcha Mungu aliyeazima chumvi kwa Veneranda juzi yake, aliyapokea maji yasiyo yake akashukuru.

Maneno yakaanza kutembea. Mmoja alikumbuka dereva wa lori la tangawizi aliyekuwa akimkunjia Veneranda turubai. Mwingine akakumbuka mwalimu wa kwaya. Na Bi Ernesta, ambaye hakusema lolote, akaanza kumwita mjukuu wake kumkata kucha. Alimkata kucha za mikono, akamkata za miguu, na kila mara aliushika ule mguu mdogo akaugeuza kwenye mwanga, akautazama unyayo, kidole gumba, kifundo, kama anayeutafuta mguu wa Erasmo. Siku ya tatu Leticia akasema, "Bibi, kucha zimekwisha." Bi Ernesta akamwachia mguu, akasema aende akacheze.

Veneranda aliyaona hayo yote kupitia dirisha la jiko. Aliumia kuliko alivyoumia ndivani.

*

Siku ya gulio alishuka Same. Pale kituoni, kwenye benchi la nje, alikaa bibi mmoja wa Kimaasai, shanga shingoni na masikioni, miguu imejaa vumbi. Veneranda alikuwa amewahi kumwona kwenye benchi hilo hilo siku ya sweta, akadhani ana kesi ya mifugo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe naita nani?"

"Veneranda. Na wewe?"

"Namelok. Natafuta mtoto yangu. Lekishon." Akainua mkono kuonyesha urefu wa mwanawe, mrefu kuliko mlango. "Alienda na ng'ombe mbali, masika. Hapa nasema kila gulio, nasema amevaa shuka nyekundu. Wanasema hawajaona shuka nyekundu."

Veneranda akampa pole. Hakujua la kuongeza, na mara akaitwa ndani.

Koplo Tumainieli safari hii alifunga mlango. "Nisamehe kwa siku ile," alisema. "Sikujua watalibeba hivyo."

"Walibebe vipi afande, na wewe ndiye uliyewatwika?" Veneranda akakaa. "Sasa nisikilize. Ulisema pambio moja la mwanangu ni langu. La pili mimi najua limetoka kwa nani. Mimi peke yangu duniani ndiye ninayejua, na silitilii shaka hata nikiamshwa usingizini. Kwa hiyo jino ni la mtu mwingine. Nitawaonyeshaje?"

"Na sweta?"

"Sijui ya sweta! Sweta haina damu."

Koplo akazungusha kalamu. Alikuwa anamwamini nusu, na nusu nyingine ilikuwa polisi. "Kuna njia," alisema. "Mama yake Erasmo yuko hai. Kama jino ni la mwanawe, kila mahali tutakapohesabu lazima tukute moja ya hesabu zake. Tukikosa pengi, si mwanawe. Hapo hamna cha sweta wala cha kikao. Lakini lazima akubali mwenyewe." Akainamia mezani. "Mama Leticia, umelifikiria hili mpaka mwisho? Leo wewe ni mjane. Mjane ana kaburi, ana pole za watu. Jino likiwa si la Erasmo, basi Erasmo yuko mahali, na hajakutafuta."

Alikuwa amelifikiria. Alilifikiria njia nzima ya kushuka mlima, mpaka akajikwaa. Kuna saa alimwomba Mungu mume awe ndiye aliyezikwa, halafu akaogopa alichokiomba.

"Mwanangu anacheka na wenzake mpaka anifikie mimi, ndipo analia," alisema. "Tufuate njia yako."

*

"Sitaki," alisema Bi Ernesta.

Alikuwa ameketi kwenye ngozi mlangoni pake. Veneranda alikuwa amepiga magoti mbele yake, ndoo ya maji aliyomtekea iko kando.

"Ni tone tu la kidoleni, mama."

"Unadhani naogopa sindano? Nimezaa watoto tisa kwa mikono ya jirani." Akanyanyua kidole kuelekea migombani. "Miezi mingapi nilikuwa naamka nasikiliza njiani? Kila kiatu nasema ndiye. Halafu wakaniletea mifupa, nikalia, nikagaagaa, nikanyolewa. Nikalala usingizi. Sasa unataka nitoe damu ili wanifukulie mtoto, nirudi kusikiliza viatu? Sina machozi ya mara ya pili, Veneranda. Yamekwisha."

"Na Leticia?"

"Leticia ni wako. Jino limesema ni wako. Hilo halina ubishi."

"Mama, na wewe unaniona mimi ni wa hivyo?"

Bi Ernesta akageuza uso kuelekea migombani. Hilo nalo lilikuwa jibu, na Veneranda akainuka akaenda zake, ndoo akaiacha. Usiku hakulala kwa hasira. Alimchukia mama mkwe, akamchukia Koplo na semina yake, na zaidi ya wote akamchukia Erasmo, awe hai, awe mfu.

Kikao cha ukoo kikapangwa Jumapili baada ya ibada. Kila mtu alijua kitakavyokwisha: shamba lirudi kwa kaka mkubwa, mwanamke na mtoto warudi kwao Ngujini.

Ijumaa, Leticia alitoka shule akapita kwa bibi yake kama kawaida. Lakini hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Shikamoo," alisema.

Bi Ernesta akangoja lile neno la pili. Halikuja. "Shikamoo nani?" akauliza. "Mbona unaikata?"

"Shuleni wamesema wewe si bibi yangu." Mtoto hakuwa analia. Alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza njia. "Sasa nikuiteje?"

Bi Ernesta akafungua mdomo. Alikuwa amejibu maaskofu katika maisha yake, na wakusanya kodi, na mume mkali. Mtoto wa miaka saba akamshinda. Alinyoosha mkono, Leticia akautazama ule mkono, akadhani ni kucha, akavua kiatu.

Hapo mwanamke mzima akalia. Akalia kwa kwikwi, huku amemshika mtoto mguu wenye soksi iliyotoboka, na aligundua kwamba machozi hayakuwa yamekwisha, alikuwa ameyafungia tu. Jumamosi alfajiri alivaa viatu vya kanisani, akapita kwa Melkizedeki, akagonga dirisha kwa fimbo.

"Hamna kikao kesho," alisema.

"Mama, wazee wamekwisha arifiwa."

"Nami nakuarifu wewe. Nakwenda Same kutoa damu. Mpaka majibu yarudi, atakayemgusa Veneranda atakuwa amenigusa mimi."

*

Majibu yalichelewa. Tangawizi ya Veneranda ilinyauka kwanza kwenye ncha, kisha shina zima. Melkizedeki hakumgusa, kweli, lakini hakumwita pia. Veneranda alimwagilia mistari miwili ya karibu na nyumba kwa ndoo za kisimani, na jioni zingine alimkuta Bi Ernesta ametangulia na ndoo yake, wanamwaga bila kusemeshana.

Koplo alipokuja tena, alikataa chai. Aliwaita wanawake wawili nyuma ya zizi.

"Mama Ernesta, si mwanao," alisema. "Mahali pengi jino halina hata hesabu yako moja. Mmezika mtoto wa mtu mwingine."

Bi Ernesta akaegemea nguzo ya zizi. Veneranda akamshika kiwiko. Hakuna aliyefurahi, na hilo wanakijiji hatujaliamini mpaka leo, kwamba mtu anaweza kusafishwa jina asipige vigelegele.

"Ni wa nani, basi?" aliuliza Veneranda, halafu akakumbuka benchi. "Yule bibi wa Kimaasai, afande. Mlimchukua damu?"

"Alikuwa anatafuta mtu wa shuka nyekundu..." Koplo akaanza, kisha akatoa daftari lake.

Walimchukua. Na safari ile pambio likaitikiwa: kila mahali walipohesabu, jino lilikuwa na hesabu moja ya Namelok.

Alipanda mlimani na ndugu zake siku ya kufukua. Kwao zamani mtu wa kawaida hakuzikwa, aliachwa nyikani, na wazee wao walinong'onezana kuhusu shimo hili la Wapare. Namelok mwenyewe hakunong'ona. Alikaa chini penye udongo uliofukuliwa, na sanduku lilipotolewa akaweka mkono juu ya mbao akaita jina la mwanawe mara moja, kwa sauti ya kawaida tu, jinsi mama anavyomwita mtoto aje kula.

Sanduku lilipofunguliwa, sweta ilikuwa juu ya mifupa. Melkizedeki aliitoa kwa vidole viwili.

"Hii hatujui ilimfikiaje," alisema.

"Mimi najua," alisema Namelok. "Sasa najua. Rafiki ya Lekishon amerudi kutoka Mererani, kule machimboni, ameniambia. Pale Nyumba ya Mungu palikuwa na Mpare. Anataka nauli, anataka kupanda lori kwenda kuchimba. Anauza sweta. Lekishon alikuwa anasikia baridi, akanunua. Yule rafiki alipanda lori moja na huyo Mpare."

Veneranda akamsogelea. "Alikuwa mzima? Huyo Mpare?"

"Mzima."

"Alisema kitu? Alitaja watu wake?"

Namelok akamwuliza ndugu yake kwa Kimaa, wakajibizana kidogo, kisha akageuka. Mtu mwingine angedanganya. "Hapana," alisema. "Anasema alikuwa anacheka."

Bi Ernesta akaketi chini pale pale alipokuwa. "Nilikuwa na kaburi," alisema. "Sasa nina mtoto mzima asiyenitaka. Jamani, afadhali lile kaburi."

Namelok alimnyooshea Veneranda ile sweta, upande wenye kiwiko chekundu. "Ni mkono yako. Chukua."

Veneranda akautazama mshono. Alikumbuka alivyoshona akiwa na mimba ya Leticia, uzi wa kijani umemwishia, Erasmo anamtania kwamba atamfanya kinyonga. Akaurudisha ule mkono wa sweta juu ya mbao, akaulaza vizuri.

"Si yangu, mama. Mwanao aliinunua. Mwache nayo, alikuwa anasikia baridi."

*

Shimo lilifukiwa siku ile ile. Mke wa Melkizedeki alileta bakuli la makande kwa Veneranda, akakaa sana, akasifia mtoto, akaondoka bila kusema alichokuja kusema. Jirani wa chini alirudisha chumvi.

Asubuhi ya zamu iliyofuata ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Wenye majembe walikuwa wengi kuliko kawaida, hata wasio na zamu. Veneranda alisimama nyuma kabisa, Leticia kando yake, Bi Ernesta amekalia jiwe.

Melkizedeki akaita jirani wa juu. Yalipokwisha maji yake, akakohoa, akatazama maji, akaita kwa nguvu ili wote wasikie:

"Nyumba ya Erasmo!"

Veneranda hakusogea.

"Nyumba ya Erasmo! Shemeji, ni zamu yako. Shuka."

"Erasmo hayupo," alisema Veneranda. "Mlimzika hayupo, mkamfukua hayupo. Ukimwita yeye, mngoje yeye."

Minong'ono ikapita. Haijawahi kuitwa nyumba kwa jina la mwanamke kwenye ndiva yetu, na Melkizedeki alikuwa mtu wa kulinda mambo ya wazee. Aligeuka kumtafuta mama yake, amkemee mkamwana wake.

"Unanitazamia nini?" alisema Bi Ernesta kutoka kwenye jiwe. "Maji yanamwagika. Ita mwenye jembe."

Melkizedeki akafuta uso kwa kiganja. Ilimgharimu, na sisi tulimwona ikimgharimu, na wengine tulimwonea huruma maana alimlilia kweli mdogo wake pale kwenye mifupa ya mtu mwingine.

"Nyumba ya Veneranda," aliita.

"Nipo," alisema Veneranda. Akashuka, akakata udongo uliozuia mfereji, na Leticia akatangulia mbele ya maji akiondoa majani.